Ukarabati wa Msikiti Mkuu wa Kilwa uwarithishe vijana ufundi wa chokaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Kila unapotajwa, husifiwa masultani na dhahabu iliyotoka bandari ya Sofala, lakini mafundi waliousimamisha hawatajwi, ilhali uhai wa jengo lile umetegemea mikono yao tangu mwanzo.

Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, nayo ni ya karne ya 11: ukumbi mdogo wa sala wenye paa bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, chini ya Sultani al-Hassan bin Suleiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331, msikiti ulipanuliwa sana kuelekea kusini, na nguzo za ukumbi mpya zikachongwa kila moja kutoka katika jiwe moja la tumbawe. Paa la ukumbi huo mpya liliporomoka. Katika karne ya 15 mafundi hawakurudia njia ileile, bali walijenga nguzo za pande nane kwa mawe madogo yaliyoshikwa na chokaa, wakaziunganisha kwa matao, na juu yake wakaezeka kuba na dari za mviringo ambazo mgeni anazistaajabia hadi leo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye utukufu wa msikiti ule, kwa maana watu wa pwani yetu waliona kosa la ujenzi na wakalisahihisha kwa elimu yao wenyewe.

Elimu hiyo ilikuwa na kanuni zake. Tumbawe laini la mapambo lilikatwa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo na kurundika mawe ya matumbawe juu yake, kisha kuyachoma mpaka yalainike, na baada ya hapo iliachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ukuta uliojengwa hivyo hupumua, yaani unyevu huingia na kutoka. Saruji, kwa ugumu wake, huuziba. Chumvi ya bahari hubaki ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayoonekana nzima kwa nje.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati na uhifadhi. Kazi hiyo naishukuru kwa dhati. Hata hivyo, mvua za masika na mizizi ya miti havingoji mradi mwingine upate wafadhili.

Kwa hiyo naziomba mamlaka husika ziweke sharti kwamba kila ukarabati wa msikiti huu uchukue vijana wa Kisiwani na Kilwa Masoko kama wanagenzi wa kulipwa, wafundishwe kuchoma chokaa, kuchagua mawe na kujenga tao, nao wawe ndio wanaoitwa kwanza ufa mpya unapoonekana.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko