Chensoo ya kudumu kwa kazi za shamba na nyumbani, soma kwanza kabla hujatoa hela

Juzi kaingia mzee mmoja hapa gerejini kwetu Igoma, Mwanza, katokea Ukerewe na meli, begani ana kiroba na ndani ya kiroba kuna chensoo, yaani msumeno wa injini. Ana miezi minne tu nayo. Akaniambia mwanangu hii imegoma, kamba naivuta inakuja laini kama navuta kamba ya mbuzi. Mashine ikishakuwa hivyo hata kabla ya kuifungua unajua kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa, imekwisha. Tukatoa sailensa, pale kwenye tundu la moshi ukimulika na tochi ya simu unaiona pistoni yenyewe, na ile pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya juu chini kama mtu kaipitishia msasa, ringi imeganda kwenye mfereji wake haichezi. Nikamuuliza mzee wangu oili unachanganyaje? Akasema nakadiria, kifuniko kimoja kwenye dumu. Dumu la lita 5! Kifuniko kile hakifiki hata mililita 30, na mashine yake ilitaka 200.

Sikumlaumu hata kidogo. Duka alilonunulia walimpa boksi, wakampa risiti, basi, hakuna aliyekaa naye dakika 5 kumweleza. Na yeye siyo mkata mbao wa kazi, ana machungwa yake na miembe, anapunguza matawi, anachana kuni, mti ukiangushwa na upepo wa ziwani anaukata, yaani mashine inafanya kazi labda mara 2 au 3 kwa wiki alafu inalala. Watu wa namna hii ndo wateja wetu wengi, na ndo wanaoumia zaidi, kwa sababu mashine ndogo kabisa ya kukatia matawi ya maua haiwatoshi na ile kubwa ya wakata magogo haiwafai. Kwa hiyo makala hii nimeandika kwa ajili yenu.

Tuanze na ukubwa wa injini maana hapo ndo watu wanapotoshwa sana. Kama kazi yako ni matawi na kuni nyembamba, injini ya cc 30 hadi 40 inatosha. Kama una eka zako Sengerema au Misungwi, una mikaratusi, unakata kuni za shule au za kuokea mikate kila wikiendi, nenda cc 45 hadi 55 na baa (kile chuma kirefu ambacho cheni inazunguka juu yake) ya inchi 16 au 18, hapo umefika, usiongeze. Mtu anakuja anataka baa ya inchi 24 kwa sababu kuna mwembe mmoja mkubwa nyumbani kwao. Kaka, huo mwembe mmoja mwite mkata miti mwenye mashine yake amalize siku moja, wewe usinunue mashine ya kilo 7 au zaidi ambayo utaibeba miaka yote kwa ajili ya mti mmoja. Na baa ya inchi 16 inakata gogo nene kuliko watu wanavyodhani, ukiingia upande huu alafu ukamalizia upande wa pili. Baa ndefu kwenye injini ndogo inaichosha injini na inapata shida kulainisha cheni mpaka nchani.

Sasa hizo namba zilizochorwa ubavuni. Zipo mashine za bei nafuu zimeandikwa 5800 na muuzaji anakwambia ni cc 58. Tulifungua moja hapa mezani tukapima, pistoni ina kipenyo cha milimita 45.2 na inapanda na kushuka milimita 34, piga hesabu mwenyewe inakuja cc 54 na nusu. Siyo mashine mbaya kwa sababu hiyo, ina nguvu ya kutosha kwa mtu wa shamba, ila ujue namba ya ubavuni ni jina tu. Usilipie zaidi kwa ajili ya namba.

Kitu ninachokiangalia mimi kabla ya namba ni bodi ya injini, pale krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inapokaa. Kuna mashine ambazo krenki imeshikwa na chuma chepesi cha magnesiamu, na kuna ambazo imeshikwa na plastiki ngumu. Ya plastiki siyo takataka, Stihl MS 170 na MS 180 ni za namna hiyo na zipo zinazofanya kazi miaka mingi kwa watu wanaozitunza, lakini hizo ni za kazi nyepesi, cc 30 na karibu 32. Kama utakata saa 2 au 3 mfululizo kwenye jua la Mwanza, ile ya bodi ya chuma inastahimili joto vizuri zaidi na fundi anaifungua na kuifunga mara nyingi bila nyuzi za skrubu kukatika. Hapo kwenye nyuzi za skrubu naomba usipapite haraka, mashine nyingi nilizoziona zimekufa ukubwani hazikufa kwa pistoni, zimekufa kwa sababu skrubu haikazi tena, inavuta hewa pembeni, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, inaungua.

Alafu swali ambalo ningeomba ulibebe dukani kuliko yote: spea zake zipo hapa Mwanza? Siyo Dar, siyo kuagiza, hapa. Muombe muuzaji akuoneshe kwa macho pistoni na ringi zake, kamba ya stata na springi yake, plagi, eya klina, diaframu za kabureta, sproketi ya klachi. Kama anakwambia zitakuja wiki ijayo, ujue na wewe utakuja wiki ijayo, na nyingine. Mtu wa visiwani, Nansio au Maisome, akikosa kispringi kimoja anapoteza nauli na siku nzima. Kwa mtazamo wangu mashine ya kawaida yenye spea mtaani inadumu kuliko mashine nzuri sana isiyo na spea, maana hiyo nzuri ikiharibika mara ya kwanza ndo imeisha.

Ukinunua iliyotumika kuna kipimo rahisi. Hakikisha swichi imezimwa na breki ya cheni imekazwa, shika kishikio cha stata, inyanyue mashine ining'inie kwa kamba yake. Kama kompresheni ni nzima itashuka kwa kusitasita, inashuka inasimama inashuka. Ikidondoka tu moja kwa moja kama ndoo kisimani, rudisha hela zako mfukoni. (Kama ina kile kitufe cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, hakikisha hakijabonyezwa, la sivyo utadanganyika.)

Mafuta. Hizi injini ni za tuu-stroki, hazina oili yake ndani kama pikipiki yako, oili yote inayolainisha pistoni ni ile uliyochanganya kwenye petroli. Ukikosea hapo hakuna cha kuiokoa. Mashine nyingi za kampuni kubwa ukitumia oili nzuri ya 2T ni 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli na mililita 100 za oili. Nyingi za bei nafuu kitabu chake kinasema 25 kwa 1, yaani lita 5 na mililita 200. Soma kitabu cha mashine yako ufuate hicho, usifuate cha jirani. Tumia chupa yenye mistari ya vipimo, hata ile ya dawa ya mtoto inafaa ukishaiosha na kuikausha, kisha ibaki kwa kazi hiyo tu. Usichanganye dumu zima la kukaa miezi, petroli iliyochanganywa ikizidi kama mwezi inaanza kuchacha na kuacha gundi kwenye kabureta. Na kama unaenda kuiweka stoo mpaka msimu mwingine mwaga tenki, iwashe mpaka izime yenyewe. Hili dogo tu lingetuondolea nusu ya kabureta tunazosafisha hapa, na mimi nakwambia ukweli hata kama ni biashara yangu.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo wengi hawaambiwi. Ziwa letu lipo karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu na mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Mashine imetyuniwa Dar, imefika hapa inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi, mtu anadhani oili imezidi anaamua kuipunguza. Hapo ndo anaiua! Oili iache kama ilivyo, kinachotakiwa ni fundi kugusa skrubu za kabureta kidogo. Na ukimpelekea ndugu yako wa Dar au Tanga mashine iliyotyuniwa Mwanza mwambie airekebishe kabla ya kuifanyia kazi nzito, maana huko itakuwa na hewa nyingi na itaungua.

Nije kwenye cheni, na hapa wa Mwanza tuna adui wetu maalum, mawe. Mji umejengwa juu ya mawe, miti inaota katikati ya mawe, gogo likianguka linalala juu ya jiwe. Cheni ikigusa jiwe sekunde moja tu meno yote ya upande ule yanakuwa butu, na mchanga uliojipaka kwenye gome unafanya kazi hiyohiyo polepole. Weka vipande vya mti chini ya gogo kabla ya kukata, kata robo tatu, ligeuze, malizia kwa juu. Gome lenye udongo likwangue kwanza na panga.

Utajuaje cheni imeisha makali? Angalia kinachotoka. Cheni kali inatoa vipande vya mti vyenye umbo, unavishika vidoleni. Ikianza kutoa unga laini kama wa sembe na wewe unaanza kuikandamiza mashine ili ikate, simama. Watu wengi wanadhani mashine imepungua nguvu kumbe ni tupa tu inahitajika, wanaikandamiza, injini inachemka, klachi inaungua, baa inabadilika rangi inakuwa ya bluu. Noa kila ukimaliza tenki moja au mawili, sukuma tupa upande mmoja tu, mara 2 au 3 kila jino, idadi sawa kila jino. Tupa zina saizi: cheni ndogo za mashine nyepesi ni milimita 4.0, cheni ya .325 (hiyo ni namba ya nafasi kati ya viungo vyake, kwa inchi) ni 4.8. Ukitumia tupa nene kuliko inavyotakiwa unaharibu umbo la jino. Na baa igeuze juu chini kila unapoifungua kusafisha, isiliwe upande mmoja.

Cheni ukija kununua usije na kipimo cha inchi tu, hesabu zile jino za chini zinazoingia kwenye mfereji wa baa. Cheni ya inchi 18 na ya inchi 20 kwa macho zinafanana, lakini za .325 mara nyingi moja ina 72 na nyingine 76. Au lete ile kuukuu tu, sisi tutahesabu.

Tenki la pili ni la oili ya cheni. Usiweke oili chafu uliyomwaga kwenye gari, ina vumbi la chuma ndani, inakula pampu. Kupima kama inatoka, washa, elekeza ncha ya baa kwenye boksi la karatasi bila kuligusa, ongeza kasi ya injini kidogo, lazima uone mstari wa oili. Usipouona usikate.

Za umeme zipo, wati 1,800 au 2,000, zinafaa kama unakata kuni nyuma ya nyumba tu na waya unafika. Shambani hapana.

Na sheria isikupite: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka ukingo wa ziwa, kwa hiyo mti ulio ufukweni usiuguse kabla hujaongea na ofisi ya mazingira ya halmashauri yako. Kuni au mbao za kuuza na kusafirisha, pita TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwanza. Tumeona watu wanapoteza mzigo na mashine pamoja.

Miwani, buti ngumu, kofia, na usikate na ncha ya baa, ncha ikigusa kitu mashine inakurukia usoni. Breki ya mbele ijaribu kila asubuhi.

Yule mzee tumemwekea silinda na pistoni mpya, tumempa chupa ya vipimo na tukaandika kwa maka peni ubavuni mwa dumu: LITA 5 – OILI 200, maana mashine yake ni ya 25 kwa 1. Hiyo tunamfanyia kila anayenunua au kutengenezea kwetu, bure. Jumamosi asubuhi tunafundisha kunoa pia, njoo na cheni yako na tupa yako, kama huna tupa utatumia yetu. Ukija njoo na mashine ikiwa na mafuta yaleyale uliyokuwa unatumia, usimwage, nataka kuyaona.