Hyde ni mdogo kuliko Jekyll

Bwana Mhariri,

Jina la Hyde, mtu mwovu ambaye Daktari Jekyll hugeuka kuwa yeye akinywa dawa aliyoitengeneza, linatajwa hata na watu ambao hawajakigusa kitabu: mume akibadilika akishalewa, wanasema amekuwa Hyde. Sina ugomvi na hilo. Ombi langu ni kwa waongozaji wa tamthilia hapa Lubumbashi: msimtoe Hyde jukwaani akiwa jitu la misuli. Jitu hilo ni Hulk, yule wa vitabu vya katuni wa mwaka 1962, aliyebuniwa kutokana na Hyde na kiumbe wa Frankenstein. Katika riwaya ya Robert Louis Stevenson ya 1886, Hyde ni kijitu kifupi. Nguo za daktari zinampwaya, suruali imekunjwa isiburute chini. Jekyll anaeleza sababu: uovu wake ulikuwa haujapata mazoezi, ndiyo maana haukukua. Basi mshoneeni mwigizaji suti moja kubwa, ajaze pamba mabegani na kiunoni akiwa Jekyll, aitoe akiwa Hyde. Kinyago cha mpira cha nini?

Na dawa! Kuweka soda ya rangi kwenye glasi ni kupoteza tukio zuri kuliko yote. Kitabuni, unga unatiwa kwenye maji mekundu, yanatoa povu, yanageuka zambarau iliyokolea, kisha kijani hafifu. Jambo linalokaribia hilo linafanyika kweli mbele ya watazamaji, ila mwishoni rangi huwa buluu-kijani. Katakata robo ya kabichi nyekundu, imwagie nusu lita ya maji yanayochemka, ngoja dakika 20, chuja. Maji yatakuwa ya zambarau. Tia ndimu tone kwa tone mpaka yawe mekundu, ukomee hapo hapo. Ndimu ikizidi, bikarbonati yote itaishia kwenye povu na buluu-kijani hamtaiona. Glasi ijazwe theluthi tu, maana povu hupanda haraka. Mwigizaji atie bikarbonati, ile ya kulainisha maharagwe, kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, huku akikoroga. Asinywe, aloweshe midomo tu. Taa iwe nyeupe: chini ya balbu ya njano zambarau huonekana kahawia.

Tena msikate habari ya chumvi, yaani ule unga wa dawa. Jekyll anatafuta chumvi mpya kwa wauza dawa wote wa London, haifanyi kazi, na mwishoni anatambua kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uchafu, na uchafu huo ndio uliokuwa dawa.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi