Usiitupe sura ya nne

Ndugu yangu Padri,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wote hatujambo. Mama watoto anakusalimu, mvua zimegoma, na yule mzee wa Kilatini bado anaulizia rozari yake, anasema ulimwahidi mbele ya mashahidi. Mimi sikuwepo, malizaneni wenyewe. Salamu zimekwisha, sasa tuingie kwenye hilo lako.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza usiku, kisha nikausikiliza tena shuleni, nimejificha maabara walimu wenzangu wasije wakajua kwamba mapadri nao hulia. Kwamba tasnifu yako ya huko Roma imerudishwa yote. Kwamba msomaji wa pili kasema imebeba mizigo mingi na haijulikani inaelekea wapi. Kwamba umechoka na baridi, na sasa unataka kumwandikia Askofu akuruhusu urudi uchunge kondoo. Askofu atakuruhusu! Usidhani atakubembeleza. Paroko wa kule bondeni presha inamsumbua na wanatafuta mtu wa kumpokea. Utajikuta juu ya pikipiki kwenda vigangoni kabla begi halijafunguliwa. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwa simu ningeishia kukufokea, nawe ungesingizia mtandao.

Hebu nikuulize. Unaandika juu ya Ratzinger, huyo aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa XVI, umetusumbua na Ratzinger tangu seminari ya Peramiho, hata mpirani ulikuwa unatuhubiria Ratzinger. Yaliyompata yeye mwenyewe kule Munich umeyasahau?

Najua unayajua. Lakini naona unayajua ya kujibia mtihani tu, kwa hiyo vumilia nikusimulie. Kijana anamaliza udaktari mwaka 1953 kwa kazi juu ya Agostino. Gottlieb Söhngen, msimamizi wake, anamwambia sasa nenda kwa Bonaventura, yule Mfransisko wa karne ya kumi na tatu, ukaandike tasnifu ya pili, ile ambayo Wajerumani wanaidai kabla mtu hajaruhusiwa kufundisha chuo kikuu. Anaandika. Anampata mpiga chapa mzito wa mkono, anayepoteza kurasa, na ambaye makosa yake yanavuruga hata namba za tanbihi. (Hapo nilicheka peke yangu. Unamkumbuka yule dada wa steshenari aliyetuchapia kazi na kumfanya Mtakatifu Tomaso kuwa wa "Akaunti"?) Mwishoni mwa 1955 anakabidhi. Na wakati huohuo amewahamishia wazazi wake Freising alikokuwa akifundisha. Wazee wamefunga virago, wanamtegemea yeye. Pasaka ya 1956 wanateolojia wa dogma wanakutana Königstein. Michael Schmaus, msomaji wa pili, jina kubwa Ujerumani nzima, anamwita pembeni na kumwambia moja kwa moja, bila kupaza sauti, kwamba ile kazi ataikataa. Haifikii kiwango.

Wewe unalalamikia baridi ya Roma katika chumba unacholipiwa. Mwenzio alirudi nyumbani akiwa na baba na mama wa kuangalia, na kazi yenyewe huenda ikaota mbawa.

Na kisa kilikuwa nini? Alisema, akimfuata Bonaventura, kwamba Ufunuo ni tendo la Mungu la kujionyesha, na tendo hilo halijatimia iwapo hakuna anayelipokea. Maandiko yanaushuhudia Ufunuo, lakini Ufunuo wenyewe unayapita Maandiko. Basi yule anayepokea, yaani Kanisa linaloamini, yumo ndani ya Ufunuo tangu mwanzo, hakuja baadaye kusoma kilichokwisha andikwa. Kwa Schmaus hilo lilinuka umodenisti, uzushi uliokuwa umelaaniwa na Papa: ukishamwingiza mpokeaji, umefungua mlango kila mtu ajiamulie. Halafu kulikuwa na lile jambo la kibinadamu, ambalo sisi tuliopita seminari tunalijua kuliko dogma yenyewe. Kijana alikosoa wakubwa kwa maneno makali, tena juu ya Zama za Kati, uwanja ambao Schmaus aliuona ni wake, na juu ya hayo alikuwa amekwenda kwa Söhngen badala ya kwenda kwake. Unanielewa.

Kitivo hakikuikataa kabisa, kilimrudishia airekebishe. Nakala ikarudi imejaa maandishi pembezoni kwa rangi mbalimbali. Hapa sasa weka kikombe chini. Ratzinger anapekua, anaona huko mbele kumechafuliwa vibaya, lakini sehemu ya mwisho, ile ya Bonaventura na historia, haina maneno. Akaikata. Wiki mbili tu, ikasimama peke yake kama kitabu kidogo. Oktoba 1956 akairudisha, Februari 1957 ikakubaliwa, na tarehe 21 mwezi huo akatoa mhadhara mbele ya watu, ambapo Söhngen na Schmaus waligeukiana na kuanza kubishana wao kwa wao, mtahiniwa kasimama anatazama. Alipita. Zile sehemu alizozitoa zilichapishwa mwaka 2009, mwenyewe akiwa Papa. Na lile wazo lililomponza? Kasome tena mwanzo wa Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo, ya 1965, Mungu anayejifunua mwenyewe, na ukumbuke nani alikuwa mshauri wa Kardinali Frings kwenye Mtaguso.

Sasa tuje kwako. Nakala uliyonitumia nimeisoma yote, hata tanbihi, na mke wangu ni shahidi kwamba sikufanya masahihisho ya Kidato cha Tatu kwa sababu yako. Nikuambie? Huyo msomaji wako wa pili ana haki, ila nusu. Sura ya kwanza inaeleza kwa kirefu kwamba Joseph Ratzinger alizaliwa Marktl am Inn tarehe 16 Aprili 1927, siku ya Jumamosi Kuu, akabatizwa siku hiyohiyo, baba yake askari polisi... Padri, nani anakuuliza hayo Roma? Wanayajua hata wauza kahawa. Sura ya pili, Bonaventura na Yoakimu wa Fiore, yule mmonaki aliyetabiri enzi ya tatu, ya Roho Mtakatifu, ni nzuri na itabaki, ila ipungue. Ya tatu ni ya wanafalsafa: umemweka Bacon, umemweka Kant, umemweka Marx, umemweka Adorno, wote wamekaa tu wanasubiri waitwe. Halafu tunafika sura ya nne, "Umuhimu kwa Afrika", na ndani yake ndiyo umemficha Bakhita, yule mtakatifu wa Sudan aliyekuwa mtumwa!

Hili la "umuhimu kwa Afrika" liniruhusu nilie kidogo. Kuna tasnifu ya Mwafrika isiyo na sura hiyo? Fulani na umuhimu wake kwa Afrika, fulani mwingine na umuhimu wake kwa Afrika. Kurasa mia mbili za Ulaya, kisha kumi za mwisho Afrika inaletwa kama mtoto aliyeitwa sebuleni kusalimia wageni halafu arudi jikoni. Mimi niliandika hivyo hivyo, wewe umeandika hivyo hivyo, na wanafunzi wako wataandika hivyo hivyo. Barthélemy Adoukonou, aliyetoka Benin akasoma chini ya Ratzinger huyuhuyu Regensburg, aliandika juu ya Vodun, dini ya jadi ya kwao, na haikuwa sura ya mwisho. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ratzinger akaisimamia.

Na Papa naye hakumweka Bakhita mwisho. Hilo ndilo nataka ulishike hata kama utasahau mengine yote. Benedikto wa XVI alitia sahihi Spe salvi, waraka wake juu ya matumaini, tarehe 30 Novemba 2007, waraka una namba 50. Bacon anaingia namba 16. Marx namba 20. Adorno namba 22, kisha tena kwenye hukumu, namba 42. Bakhita yuko namba 3! Kabla ya falsafa yoyote, Papa anasema sisi tuliozoea habari za Mungu hatuyaoni tena matumaini tuliyo nayo, kwa hiyo anamwita mtu ambaye aliyapokea mara ya kwanza, naye ni msichana wa Darfur aliyetekwa na kuuzwa mara tano. Hao Wazungu wote wanaofuata wanasomwa baada yake. Wewe umemtoa mbele ukampeleka nyuma, kisha unashangaa msomaji wa pili haoni safari inakwenda wapi.

Na ulichokiona wewe juu yake sijakisoma mahali pengine. Ule ukurasa wa chale nimeusoma mara nyingi: yule mwanamke anamchora kwa unga mweupe, anafuata mistari kwa wembe, kisha anasugua chumvi ndani ya kidonda ili kisifumbe. (Waraka unataja makovu 144, masimulizi yake mwenyewe yanatoa 114. Weka tanbihi ya mstari mmoja na upite, usianze ugomvi wa hesabu.) Lakini kilichonisimamisha ni mahakama. Waraka unasema alipotakiwa kurudishwa Sudan alikataa, hakutaka kutengwa na Bwana wake mpya. Basi. Wewe ukaenda ukatafuta: Venezia, tarehe 29 Novemba 1889, mahakama inatamka kwamba kisheria si mtumwa, bibi mwenye nyumba aliyekuja kumchukua anaondoka mikono mitupu, na huyu binti anabaki kwa Masista Wakanosa. Ubatizo ni tarehe 9 Januari 1890. Yaani alikataa kabla hajabatizwa, akiwa mkatekumeni tu!

Padri, hiyo ndiyo tasnifu. Namba 2 ya waraka inasema Habari Njema haiishii kutuarifu, inatenda, inabadilisha maisha ya aliyeisikia. Namba 4 inasema Yesu hakuwa Spartako, yule mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma, hakuja na mapinduzi. Wewe unalalamika kwamba namba 4 inaupoza utumwa, inamfanya Bakhita aonekane mtulivu mno, na hapo sikubaliani nawe sana, ila sitaki uiondoe hoja hiyo. Itafute jibu ndani ya namba 2. Kama matumaini yanatenda, yalitenda nini pale Venezia? Yalimfanya mtu aliyefundishwa kutii kwa kiboko kila siku aseme hapana mbele ya wakubwa. Hakungoja enzi ya tatu ya Yoakimu, wala jamii mpya ya Marx. Na hapo hapo unarudi kwa Bonaventura: Ratzinger wa 1957 anaonyesha kwamba Bonaventura hakumtupa Yoakimu moja kwa moja, alikubali historia inaweza kuleta kipya, ila akakataa enzi inayompita Kristo. Wengi wanarukia onyo lake dhidi ya teolojia ya ukombozi, 1984, wakasema mzee huyu anaogopa historia. Bakhita wako anawajibu. Kuna kitu kipya kilitokea ndani ya historia, kwenye chumba cha mahakama, na hakikumpita Kristo.

Naona nimehubiri. Lakini nimekuambia: anza naye. Sura ya kwanza Bakhita. Ya pili Bonaventura na Yoakimu, nusu ya ilivyo sasa. Ya tatu Marx peke yake, Kant umwache apumzike, Bacon aya mbili. Marktl am Inn itoke, na ile sura ya "umuhimu" isiwepo kabisa, maana ukianza na mtoto wa Darfur aliyeuzwa sokoni, nani wa pwani yetu atauliza inatuhusu vipi?

Hapa shuleni tarehe 8 Februari, sikukuu yake, niliwasimulia wanafunzi habari zake. Binti mmoja, mkimya, wa kutoka nyumba ambayo sisi wote tunajua, akauliza kama mahakama ilimtaka alete mashahidi. Nikamjibu sijui. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kukuandikia, kusema kweli. Wewe umeshika zile karatasi, mimi sina.

Basi nijibu haya. Msimamizi wako amesema nini hasa, kakataa au kakurudishia urekebishe? Hayo si mamoja, na kwenye sauti ulichanganya. Nakala yenye maandishi ya msomaji wa pili unayo? Umeipekua sura ya nne uone kaandika nini pembezoni, au ulifunga faili kwa hasira? Kama hakuandika kitu hapo, je, hujaona kinachoendelea? Mahakamani Bakhita aliulizwa yeye mwenyewe, au wakubwa walimsemea tu? Askofu umeshamwandikia? Na unakula vizuri, au bado ni ile mikate yako mikavu?

Nitumie sura ya nne peke yake, bila hizo nyingine. Jumamosi jioni nitakuwa na nafasi, nitaisoma na kalamu nyekundu. Na kama barua ya Askofu bado iko kwenye rasimu, iache huko huko kwenye rasimu.

Wako,
Mwalimu