Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: mashairi yasiyoombwa

Wazee wetu, ndugu wanachama na vijana wetu,

Assalamu alaykum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Mtaniwia radhi, taarifa hii italemea upande mmoja. Mahudhurio na fedha mtasomewa na katibu na mweka hazina, tarakimu kwa tarakimu. Mimi nataka kusema juu ya mada ambayo chama chetu cha ushairi kiliichagua kwa vikao vya mwaka huu, ushairi wa kupinga dhuluma, na juu ya mzozo iliotuzulia.

Tulianza na Abdilatif Abdalla kwa kuwa ni mwana wa Mombasa, na kwa kuwa vijana wengi walimjua kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1968 wagombea wa KPU, chama cha upinzani nchini Kenya, walizuiwa kugombea uchaguzi wa serikali za mitaa kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Yeye, kijana wa miaka 22, akaandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Akafungwa hadi 1972. Beti alizotunga gerezani aliziandika kwenye karatasi za choo. Diwani ya Sauti ya Dhiki ikachapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani. Ukumbi uliangua kicheko hapo, na mimi nikacheka pia.

Kisha binti mmoja akauliza swali ambalo sijaliacha kichwani: mtu keshafungwa na serikali, kwa nini ajifunge tena kwa vina na mizani? Mzee mmoja akamjibu kwamba karatasi hunyang'anywa, ila ubeti uliokaza vina hukaa moyoni. Jibu zuri, lakini halikunitosha. Tuliposoma lile shairi la Abdilatif la ndugu wawili, Badi na Alii, wanaogombea mnazi, binti akachukua beti za Badi na mzee akachukua za Alii. Hapo nikaona jambo jingine. Majibizano ya kwetu yanamlazimisha mtunzi ampe mpinzani wake nafasi ya kujitetea, beti kwa beti, kwa mizani ileile. Mtu aliyenyimwa haki ya kusikilizwa alikuwa akiigawa haki hiyo ndani ya shairi. Mzee alimtetea Alii kwa ukali hata baadhi yenu mkamwambia apunguze.

Kwenye vita tulisoma utenzi wa Hemedi bin Abdallah, unaosimulia Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitwaa Mrima, pwani ya Tanganyika, mpaka Abushiri, kiongozi wa waliowapinga, akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Kikao hicho kilichosha kidogo, nakiri, maana utenzi ni mrefu nasi tulikuwa kwenye joto la Februari. Faida yake ilikuja tulipolinganisha na mashairi ya kumsifu Kaiser, mfalme wa Wajerumani, yaliyokuwa yakichapwa katika Kiongozi, gazeti la enzi zao. Lugha ni hiyohiyo, ufundi ni huohuo. Kuhusu ubaguzi wa rangi tulikwenda mpaka Afrika Kusini, kwa mshairi Dennis Brutus. Alipotoka gereza la Robben Island alipigwa marufuku kuandika chochote cha kuchapishwa, basi akatunga mashairi yake kama barua kwa shemeji yake. Serikali ilifunga mlango wa vitabu, akapitia wa posta.

Sasa mzozo wenyewe. Ofisi moja ya umma ilitualika tughani katika sherehe yake. Usafiri na posho juu yao. Pamoja na mwaliko ilikuja orodha ya majina ya kusifiwa, kwa mpangilio wa vyeo, na maelekezo kwamba habari za ardhi zisiguswe. Hapa Pwani, mshairi akikatazwa habari za ardhi atasema nini, hali ya hewa?

Kamati iligawanyika. Wapo waliosema chama kina njaa, na ni kweli, paa la ukumbi linavuja. Wapo waliosema kusifu ni aibu kwa malenga, na hapo sikukubaliana nao. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa kale, aliwasifu Wamazrui wake, watawala wa mji huo, kwa nguvu zote, na kwa ulimi huohuo akawakabili maadui wao katika ugomvi wao na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, aliyekuja kuitwaa Mombasa 1837. Alisifu alichokiamini. Kilichonikera mimi ni ile orodha. Tukajibu kwamba tutakuja, ila mashairi tutayachagua wenyewe. Hatukupata jibu, na posho ikaenda zake.

Walioudhika na uamuzi huo wana haki yao, ndiyo maana naleta azimio lipigiwe kura leo: chama kisighani shairi ambalo maudhui yake yameagizwa na mwalikaji. Mwenye hoja ya kupinga apewe muda sawa na wangu, na akitaka kuitoa kwa shairi, ruhusa.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuwarekodi wazee wanaohifadhi beti ambazo hazijawahi kuandikwa. Mwaka huu tumempoteza mmoja wao, Mola amrehemu, na mengi aliyoyajua ameondoka nayo. Tunahitaji kinasa sauti na vijana wawili watatu wenye subira na wanaokielewa Kimvita, lahaja ya Mombasa.

La mwisho: nakala za Sauti ya Dhiki zilizoazimwa kwa ajili ya vikao bado hazijarudi zote. Mlio nazo mkabidhini katibu kabla ya kura kuanza.