Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye funguo za choo

Kwako Mheshimiwa uliyekabidhiwa bustani,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, familia nayo nzima, na huko ofisini kuna choo na mlango wake unafunguka. Usinikasirikie kwa kuanza na choo, najua barua ya kwenda kwa mkubwa huanza na pongezi, na pongezi ninazo, zinakuja.

Mimi nauza mitumba hapa Nairobi, wiki nzima niko kwa kibanda, Jumapili mchana ndiyo pumziko langu la pekee. Bustani ninayosema sitaitaja jina. Wewe unaijua, na soja wa pale wananijua kwa sura na bado nataka kuwa naingia, kwa hivyo tuiite tu bustani.

Pongezi sasa. Geti ni zuri kabisa. Njia zimewekwa kabro, watoto wanaendesha baiskeli bila kuchubuka magoti. Nyasi mmepanda za maana hata kama kibao kinasema tusizikanyage. Ile chemchemi niliiona ikirusha maji siku ya ufunguzi na ilipendeza, sijaiona ikirusha tena lakini picha ninayo kwa simu. Na vyoo, Mheshimiwa, vyoo mmejenga, sisemi hakuna. Jengo lipo, vigae vya bluu nje, upande wa wanawake, upande wa wanaume, hata chumba cha walemavu kina mteremko wake wa kiti cha magurudumu. Ukutani kuna bamba jeusi lenye jina lako na tarehe uliyokata utepe. Hilo bamba hupanguswa kila asubuhi, mwenye kulipangusa namjua.

Kilichonileta ni kufuli.

Jumapili ya juzi nilimpeleka mamangu. Ana miaka 71, alikuwa ametoka ushago kuja kliniki, ana sukari na presha, na ya presha anameza zile tembe za kukojoza ambazo ukimeza asubuhi unajua utazunguka chooni hadi mchana. Watoto walikuwa wamemsumbua wiki nzima, Shosho twende bustani, Shosho utaona chemchemi, basi nikapika chapati na ndengu nikaweka kwa hotipoti, chai kwa flaski, tukapanda matatu. Tukatandika leso chini ya mti. Watoto wakachorwa uso, mmoja chui mmoja kipepeo, na mamangu akacheka mpaka akafuta machozi, akasema Nairobi kumbe kuna mahali pa kukaa bila kununua kitu. Hayo ni maneno yake, nilitaka uyasikie kwa sababu ni sifa na ni yako.

Kama saa nane akaniambia polepole, nionyesheni mahali pa kujisaidia.

Tukaenda. Kufuli mpya, ile ya rangi ya dhahabu, bado ina kijikaratasi cha bei, na mnyororo umezungushwa mara tatu kwa vishikio vya mlango kama vile ndani kuna benki. Nikamuita soja.

"Shosh, hiyo imefungwa," akasema, kwa heshima, sitamsingizia.

Funguo iko wapi? Kwa supavaisa. Supavaisa yuko wapi? "Leo si ni Jumapili."

Mheshimiwa nisaidie hapo. Bustani hujaa siku gani? Au vyoo vilijengewa watu wa Jumatatu asubuhi? Maana Jumatatu asubuhi pale utakuta tu mwenye kufagia na wale wahubiri wawili, na wahubiri wako na choo chao kwa jengo la ng'ambo, niliuliza.

Soja akatuelekeza kwa miti nyuma ya uzio, wanaume hutumia pale. Mamangu na fimbo yake aingie vichakani, na upande ule kulikuwa na maharusi wanapigwa picha, shela imetandazwa kwa nyasi. Akakataa, na mimi pia ningekataa. Nikasema tuvuke barabara kwa kituo cha mafuta. Kuvuka ni mpaka upande lile daraja la miguu, na daraja lina ngazi, mimi nimebeba hotipoti na nimeshika watoto wawili, yeye ameshika chuma cha pembeni anavuta mguu. Tulifika ngazi ya nne.

Sitaandika zaidi ya hapo, mamangu ni mtu wa kuheshimiwa na barua hii itasomwa na wengi. Alisema tu, "Twendeni nyumbani." Akafunga ile leso yangu juu ya yake. Kwa matatu akaikunja akaikalia ili asiharibu kiti cha wenyewe. Makanga alikuwa kijana wa miziki ya kelele, nywele za rangi, ule aina ambao wewe ukihutubia huwa unasema hawana nidhamu. Aliangalia mara moja, akafungua dirisha, akageuka upande ule mwingine na hakutuangalia tena mpaka tukashuka. Adabu hiyo tulinunua kwa nauli ya shilingi 50.

Tangu siku hiyo kabla mamangu atoke nyumba anauliza, huko kuna choo? Na siku ya kutoka hamezi ile tembe na hanywi maji tangu alfajiri. Mgonjwa wa sukari na presha, Mheshimiwa, anaacha dawa na maji kwa sababu ya kufuli ya duka la vyuma. Siku ya kliniki presha ilikuwa juu, nesi akamgombeza, na yeye akanyamaza kama mtoto wa shule. Na si yeye peke yake. Uliza mama yeyote anayekuja pale na mtoto mchanga, uliza msichana aliye kwa siku zake, uliza mjamzito. Sisi wanawake tumejifunza kukaa na kiu ndio tukae bustanini.

Sasa hayo yote pengine ningemeza. Nilikuwa nimeshaanza kumeza. Lakini yule soja, tulipokuwa tunaondoka, alinifuata akaninong'oneza kama mtu anayeniuzia siri, "Kujeni Alhamisi, vitafunguliwa, kuna wageni."

Nilifikiri anatutoa tu mbio. Alhamisi nikamwachia jirani kibanda nikaenda. Na wallahi vilikuwa wazi! Mnyororo haupo. Ndani kumepigwa deki mpaka unajiona uso. Sabuni ya maji, tishu, sufuria ya maua kando ya sinki, maji yanatoka, na mama mmoja amevaa yunifomu mpya amesimama na kitambaa mkononi. Sikuwa hata na haja, nilienda tu kuona. Nikafungua bomba nikafunga nikafungua tena. Kile kindoano cha kutundikia mkoba nyuma ya mlango bado kilikuwa kwa plastiki yake. Nje wageni wako walikuwa wamevaa beji shingoni, wanapiga picha ule mteremko wa walemavu, na mtu anawaeleza kwa Kiingereza vile kila mwananchi anafikiwa.

Ijumaa nikapita na matatu, nikachungulia. Mnyororo, mara tatu.

Ndio nikaamua kuandika.

Kwa hivyo usiniambie ni maji. Ofisi ya pale iliniambia ni maji, mifereji imekauka, presha ya bomba hafifu, tangi halijajazwa. Alhamisi maji yalitoka wapi? Mwingine kaniambia ni tenda, aliyekuwa anasimamia vyoo mkataba uliisha na mpya haujatiwa sahihi. Mwenye kuuza njugu anasema ni kwa sababu chokoraa walikuwa wanaoga ndani na kufua, na mtu mkubwa akakasirika. Kama ni hiyo basi mimi sioni kosa la anayeoga, mahali pa maji watu huoga. Mimi binafsi nakisia ni kitu kidogo zaidi: choo kikitumika kinachafuka, kikichafuka picha inaharibika, basi ni afadhali kisitumike. Kama nakusingizia niambie, naomba radhi mbele ya watu. Lakini niambie.

Watanijibu wenye magari, mama, mbona usiende msitu wa Karura. Karura ni pazuri na ni pakubwa, lakini langoni ni tiketi, na mimi na watoto na mamangu tukilipa na nauli juu yake hiyo ni mboga ya siku tatu. Bustani ya mjini ni yetu sisi ambao hatuna kiwanja. Nimelelewa chumba kimoja, kukimbia nilijifunzia Uhuru Park, babangu alikuwa anatupeleka sikukuu tunapanda boti kwa lile ziwa dogo, tunapigwa picha na mpiga picha wa kuzunguka, halafu tunalala kwa nyasi mpaka jua lishuke.

Na kwa sababu nimeitaja Uhuru Park ngoja nikukumbushe kitu. Mwaka 1989 wakubwa wa serikali walitaka kuchimba pale wajenge jengo la ghorofa 60. Mama mmoja, Wangari Maathai, alianza kwa barua. Barua tu, kwa huyu na kwa yule, kwa maofisa wa hapa na wa nje. Aliitwa kila jina, akaambiwa awe mwanamke wa heshima wa Kiafrika anyamaze. Ghorofa 60 ziko wapi leo? Mimi si Wangari, sina hata ile elimu, na sijaomba kuzuia jengo. Mimi jengo nalitaka. Limejengwa tayari. Nataka lifunguke.

Halafu ni papo hapo Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010, Rais Kibaki alitia sahihi Katiba, akaiinua juu umati uone. Nilikuwepo, nilikuwa mbali nyuma kabisa, niliona tu mkono na kitu. Nilirudi nyumbani nimeungua jua na furaha. Juzi nikaazima nakala ya mtoto wa jirani anayesoma sheria, nikatafuta choo. Kipo! Kifungu cha 43, kinataja makao na kinataja viwango vya kuridhisha vya usafi, kwa kila mtu. Hakijasema kila mgeni wa Alhamisi. Na cha 54 kinasema mlemavu ana haki ya kufika mahali pote, nadhani ule mteremko ulitoka hapo, sasa mteremko unampeleka mwenye kiti cha magurudumu mpaka kwa mnyororo. Na cha 37 kinaniruhusu kukuletea ombi, kwa hivyo usiwatume vijana waulize nani amenituma.

Wewe pia ulituahidi. Ulikuja ukitafuta kura, ukakaa na sisi kwa nyasi, ukala hindi la kuchoma ukapaka ndimu na pilipili mwenyewe, ukasema bustani ni sebule ya asiye na sebule. Tulipiga makofi. Mheshimiwa, nyumba gani ina sebule na haina choo?

Nilikuwa nimeandika orodha hapa. Taa zilizokufa upande wa chini, ile bembea moja iliyobaki mnyororo bila kiti, mapipa ya taka, benchi zenye chuma katikati ili mtu asilale, bei ya kupaka uso ambayo inapanda kila wikendi. Nimeifuta. Najua ukipewa mambo kumi utaunda kamati, na kamati italipwa posho ya kukaa kwa chumba chenye choo.

Kwa hivyo ni moja. Fungua. Kama ni kulipia weka shilingi 10 kama vile vyoo vya stegi ya matatu, nitalipa, nitamlipia na wa nyuma yangu, lakini basi ukubali pesa mkononi, usiniambie ni kulipa kwa simu peke yake. Kama mwenye kusafisha hana mshahara tuambie tuchange, tumezoea. Kama funguo imepotea tuambie imepotea, fundi wa kufuli yuko karibu na kibanda changu, namleta mimi. Kama ni supavaisa hafanyi kazi Jumapili, ile funguo ni nyepesi, amwachie soja. Lakini fungua.

Jumapili inayokuja nitamrudisha mamangu. Nimembembeleza siku tatu ndio akubali, na amekubali kwa sharti la kumeza tembe yake na kunywa chai kama binadamu. Tutakuwa chini ya mti uleule, mkono wa kushoto ukiingia kwa geti, mama na fimbo na watoto wawili na hotipoti ya kijani. Saa nane kamili tutainuka twende kwa ule mlango wa bluu.

Si lazima uje mwenyewe. Tuma funguo.

Ni mimi,
mama wa chui na kipepeo.