Taarifa ya Mwenyekiti: Kabati la Opilioni na Familia ya Pyramidopidae

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Kwa upande wa makusanyo, mwaka huu kamati ilielekeza nguvu kwenye kabati la opilioni, jamaa wa buibui wasio na kiuno, wasio na sumu na wasiofuma utando. Tulishughulika hasa na wale wadogo, wa milimita chache, wanaoishi chini ya majani makavu msituni.

Vichupa vyao vingi vilikuwa na jina moja la familia: Phalangodidae. Chanzo ni mfumo wa Carl Friedrich Roewer, Mjerumani ambaye kitabu chake cha 1923 kilitawala fani hii kwa miongo mingi. Roewer alihesabu pingili za nyayo, akatazama miiba na mifuo ya mgongoni. Alama hizo huonekana kwa urahisi, lakini koo zisizohusiana zinaweza kufanana kwazo, na Phalangodidae ikawa jalala la kila kidogo kilichokosa pa kuwekwa.

Mwaka 2011 Prashant Sharma, Carlos Prieto na Gonzalo Giribet waliitambulisha familia mpya, Pyramidopidae, ya opilioni wa Afrika ya tropiki. Jenasi Pyramidops yenyewe, yaani kundi la spishi lililoipa familia jina, mtaalamu Loman aliipa jina tangu 1902! Wanyama walijulikana, familia yao ndiyo haikujulikana. Anayenivutia zaidi katika familia hii ni Maiorerus randoi, aliyeelezwa 1993: hana macho, anaishi katika pango la lava la Cueva del Llano, kisiwani Fuerteventura katika Visiwa vya Kanari, nchi kame kabisa, ilhali ndugu zake wako kwenye misitu ya Afrika. Kwangu mimi, kiumbe huyo mmoja anatosha kuhalalisha kazi yote ya uainishaji.

Lebo za zamani hatukuzitupa. Mpya imewekwa kando ya ya kwanza. Majike na watoto tumewaandikia "familia bado", kwa sababu uamuzi mara nyingi hutegemea umbo la uume wa dume, na huo hauonekani bila hadubini nzuri. Nasisitiza: afadhali lebo isiyo na jina kuliko jina la kubahatisha.

Wanaokwenda porini, tafadhali acheni formalini, inaharibu DNA. Tumieni ethanoli ya asilimia 96 na mwandike mahali na tarehe kwa penseli ndani ya kichupa. Kamati inaomba mkutano uidhinishe mchango wa hadubini.

Mwenyekiti