Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Ruzuku Zinazolipwa Baada ya Matokeo

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya umoja wetu wa mashirika ya huduma za jamii ya Dar es Salaam kwa mwaka unaomalizika. Hesabu zilizokaguliwa zitawasilishwa na Mweka Hazina, na taarifa za wanachama wapya zimo kwenye makabrasha mliyopokea, hivyo sitazirudia. Muda niliopewa nitautumia kwa jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya vikao vya Kamati Tendaji, nalo ni namna ya kuomba fedha za Serikali ambazo hutolewa matokeo yakishathibitishwa, na si kwa sababu tu kwamba semina zimefanyika na stakabadhi zimekusanywa.

Jambo hili lilitufikia kwa msukumo wa hali ya fedha. Tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wanachama wengi wamekuwa wakiuliza kama Serikali yetu wenyewe, kupitia wizara na halmashauri, inaweza kuwa mlipaji wa kazi tunazofanya mitaani. Baadhi walidhani jibu ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Napenda ieleweke kwamba fedha zile ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa asilimia 4, 4 na 2, na mkopo hurejeshwa. Tunachokizungumza leo ni kitu kingine.

Kulipa kwa matokeo si jambo geni nchini. Mwaka 2011 mkoa jirani wa Pwani ulianza majaribio ya malipo kwa ufanisi katika vituo vya afya, na tathmini ya Taasisi ya Afya Ifakara ilionyesha kwamba akina mama wanaojifungulia vituoni waliongezeka, sambamba na wajawazito wanaopata dawa za kukinga malaria. Kuanzia mwaka 2014 tukapata mpango wa elimu wa Lipa Kulingana na Matokeo, ambao wengi wenu mnaufahamu kwa jina la EP4R kwa sababu limeandikwa kwenye kuta za madarasa yaliyojengwa kwa fedha zake. Katika mipango yote hiyo fedha zilikwenda kwa vituo vya huduma na halmashauri. Shirika la kiraia halikuwa mwombaji, na hilo ndilo la kwanza tunalopaswa kulizingatia kabla hatujaanza kuandika maandiko ya miradi.

Kamati ya Miradi ililinganisha hali hiyo na sheria ya Marekani iliyopitishwa Februari 2018, ambayo ilitenga dola milioni 100 chini ya Wizara ya Fedha ya nchi hiyo kwa ajili ya kulipia matokeo ya programu za kijamii. Huko nako waombaji ni serikali za majimbo na za mitaa. Mashirika huingia kama watoa huduma ndani ya ubia, na wawekezaji huweza kutoa fedha za kuendeshea kazi. Sheria inataka matokeo yatajwe kwa namna inayopimika, inataka upembuzi yakinifu, inataka mtathmini huru asiye na maslahi katika mradi, na inaagiza kwamba angalau nusu ya malipo iende kwa miradi inayowanufaisha watoto moja kwa moja. Pia kiasi kinacholipwa hakiruhusiwi kuzidi thamani ya matokeo hayo kwa serikali ya shirikisho. Sharti hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linamlazimisha mwombaji aeleze ni gharama gani ambayo Serikali itaepuka au faida gani itakayopata, na hesabu ya namna hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuombwa na mfadhili.

Kamati ilipitia pia mifano miwili ya magerezani, ambayo hutajwa sana katika fani hii. Mwaka 2010 gereza la Peterborough nchini Uingereza lilikuwa la kwanza duniani kuendesha hatifungani ya matokeo ya kijamii, yaani mpango ambao wawekezaji hutanguliza fedha na kulipwa matokeo yakipatikana. Wawekezaji 17 walitoa pauni milioni 5 ili wafungwa wa vifungo vifupi wasaidiwe wanapotoka, na walipaji walikubali kulipa iwapo kurudia makosa kungepungua kwa angalau asilimia 7.5 yakilinganishwa na wafungwa wanaofanana nao kwingineko nchini. Upungufu ulifikia asilimia 9, na mwaka 2017 wawekezaji wakarudishiwa fedha zao pamoja na faida. Huko New York mambo yalikwenda vingine. Programu ya vijana wa gereza la Rikers Island ilianza mwaka 2012 kwa mkopo wa benki ya Goldman Sachs, na mwaka 2015 ikafungwa baada ya mtathmini kukuta kwamba vijana waliohudumiwa walirudi gerezani kama wale wasiohudumiwa. Jiji halikulipa chochote. Sehemu kubwa ya hasara ilibebwa na taasisi ya hisani ya Bloomberg Philanthropies iliyokuwa imedhamini mkopo, na iliyobaki ikabebwa na benki.

Naomba wajumbe wajiulize kwa dhati: hasara ya namna ile ingetokea Temeke au Ubungo, nani angeibeba? Shirika letu la kawaida lina ofisi ya kupanga, watumishi wachache wanaosubiri posho kila mwisho wa mwezi, na akaunti ambayo haiwezi kuhimili hata robo mwaka bila fedha kuingia. Shirika kama hilo linaposaini mkataba wa kulipwa baada ya matokeo, linajiweka katika nafasi ya fundi anayetakiwa kununua saruji, nondo na mabati kwa fedha zake, kisha asubiri mwenye nyumba aridhike. Matokeo ya kijamii huchukua muda mrefu kuliko nyumba. Kwa sababu hiyo, msimamo wa Kamati Tendaji ni kwamba hatutaomba fedha za matokeo pasipo kujua, kwa maandishi, nani anatoa mtaji wa kuanzia na nani anabeba hasara matokeo yasipofikiwa.

Msimamo huo una ushahidi kutoka hapa nchini. Utafiti uliofanyika katika shule za msingi 350 za wilaya 10 za Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2019, ulilinganisha shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, shule ambazo walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto anayefaulu jaribio, na shule zilizopata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha ufaulu, bakshishi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko, na vyote viwili kwa pamoja vilileta maendeleo makubwa. Mlipaji anayesema "leteni matokeo kwanza" bila kutoa nyenzo anawataka watu wa kazi wafanye jambo ambalo ushahidi wetu wenyewe unaonyesha ni gumu.

Nakuja sasa kwenye uteuzi wa tokeo lenyewe. Baada ya majadiliano marefu, Kamati inapendekeza tujielekeze kwenye wasichana walioacha shule, hususan waliopata ujauzito. Novemba 2021 Serikali iliruhusu warejee masomoni, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Mlango upo wazi, na sisi tunaofanya kazi Mbagala, Tandale, Buguruni na Chanika tunajua kwamba kupita mlangoni kunahitaji mtu wa kumwachia mtoto, nauli, sare, na mwalimu asiyemdhihaki mama kijana mbele ya wenzake. Hizo ndizo kazi ambazo mashirika yetu yanaziweza, na Afisa Elimu Kata peke yake hawezi kuzifanya hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Ila kipimo hakiwezi kuwa kuandikishwa. Kipimo tunachopendekeza ni kurudi na kubaki, yaani msichana awe bado anahudhuria, shuleni au katika mfumo usio rasmi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mwaka mmoja baada ya kuandikishwa. Katika jimbo la Rajasthan nchini India, mradi wa shirika la Educate Girls ulioendeshwa kati ya 2015 na 2018 kwa mtaji wa UBS Optimus Foundation uliweka asilimia 20 ya malipo kwenye uandikishaji na asilimia 80 kwenye maendeleo ya kujifunza. Mradi ule ulimalizika kwa kuvuka malengo yote mawili. Waliouandaa walielewa kwamba anayelipwa kwa kuandikisha ataandikisha tu, na daftari litajaa majina ya watoto ambao ifikapo Juni hawapo darasani.

Ugumu wa Dar es Salaam ni kuhama. Familia ya wapangaji inaondoka Manzese kwenda Chamazi kodi ikipanda, bonde la Msimbazi likifurika watu wanatawanyika kwa ndugu, na msichana anayeonekana mtoro katika daftari la shule moja huenda anasoma vizuri katika shule nyingine. Bila kumfuatilia kwa namba yake ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, pamoja na ushirikiano wa serikali za mitaa, tutahesabiwa tumeshindwa mahali tulipofaulu. Kwa hiyo takwimu za msingi, yaani za hali ilivyo kabla ya mradi, zikusanywe kabla ya andiko, mtaa kwa mtaa, zikiwa na majina yanayotunzwa kwa siri, na mhakiki awe mtu wa nje ambaye hakuchaguliwa na sisi peke yetu.

Lipo jambo linalonisumbua kuliko yote, na sitaki lipite kimya. Malipo yakifungwa kwenye idadi, mtoa huduma hushawishika kuwachukua walio rahisi: msichana mwenye bibi wa kumlelea mtoto, aliyeacha shule juzi, anayeishi karibu na barabara. Yule mwenye watoto wawili, anayeuza samaki Feri tangu alfajiri, au mwenye ulemavu asiyesikia, ataachwa kwa kuwa anahatarisha malipo. Umoja huu ulianzishwa kwa ajili ya huyo wa pili. Kamati inapendekeza mkataba wowote utakaosainiwa uwe na kiwango cha juu zaidi cha malipo kwa walio katika mazingira magumu zaidi, na vigezo vyake viandikwe kabla ya msichana wa kwanza kuandikishwa. Halmashauri isipokubali sharti hilo, tusiombe.

Kwa upande wa sheria, nawakumbusha kwamba kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika lililosajiliwa kuwasilisha Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 ndani ya siku 10. Mwekezaji akitupatia mtaji, mkataba wake nao upite njia hiyo hiyo. Katibu atawasaidia wenye maswali.

Ndugu wajumbe, kwa niaba ya Kamati Tendaji naomba Mkutano Mkuu uridhie mambo yafuatayo: kwamba umoja uombe kwa pamoja, si kila shirika kivyake, na upitie halmashauri moja kwa kuanzia, kwamba ukusanyaji wa takwimu za msingi uanze shule zitakapofunguliwa Januari, kwa gharama itakayotoka kwenye akiba yetu kama Mweka Hazina atakavyoeleza, kwamba tuombe angalau theluthi moja ya fedha itolewe mwanzoni mwa mradi, na iliyobaki ilipwe baada ya uhakiki, na kwamba mwanachama yeyote atakayeletewa mkataba wa malipo kwa matokeo aulete mbele ya Kamati ya Miradi kabla ya kuusaini.

Naomba kutoa hoja.